Kipande Kisicho na Njugu

Ylva alifungua mkoba wa kiunoni taratibu, akakaa nao mkononi kidogo kana kwamba anaupima uzito, ndipo akampa mama mkwe wake.

"Kalamu mbili za sindano ya dawa zimo humu. Usiuweke chini. Usiutie kwenye kigari cha mtoto. Ukae mwilini mwako, Gunvor."

"Nimesikia."

"Na ukiona chochote kile..."

"Namdunga pajani, nashikilia nikihesabu mpaka kumi, napiga simu mia moja kumi na mbili. Tumefanya mazoezi asubuhi na machungwa matatu, Ylva. Machungwa yenyewe yamepona kabisa, hayana hata homa."

Torkel aliangua kicheko. Mke wake hakucheka. Aliinama akambusu Ellika kwenye paji la uso, akambusu Vilgot, akatazama tena ule mkoba uliokuwa sasa umekaza tumbo la Bibi Gunvor, na mwishowe akakubali kuvutwa mkono na mumewe kwenda kwenye foleni ya treni la kuporomoka, kivutio kikuu cha ile bustani ya michezo. Kibao kilisema kungoja ni dakika arobaini. Treni lenyewe, ambalo watoto waliliita Nyoka wa Mbao, lilikuwa likipanda mpaka juu kabisa kwenye usawa wa vilele vya misonobari, likitulia kidogo, halafu linajiachia na watu wake wote wakipiga mayowe. Ylva hakuwa amepanda kitu cha namna ile tangu Ellika azaliwe, na Ellika sasa alikuwa na miaka minne.

Tuseme kweli, Gunvor alifurahi kuwaona wakienda. Alifurahi mno mpaka akaona aibu.

Mambo yalikuwa hivi. Ellika hakuweza kula korosho, wala lozi, wala njugu yoyote ile. Kipande cha ukubwa wa ukucha kingeweza kumziba pumzi. Naye Gunvor alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa amelisha watoto wasiotakiwa kuonja maziwa, watoto wasiotakiwa kuonja ngano, watoto wa kila aina ya kizuizi, na hakupata kumdhuru hata mmoja. Halafu Krismasi iliyopita, mezani kwake mwenyewe, alikata keki ya Ellika kwa kisu alichokuwa amekatia keki ya lozi. Kisu kilekile. Ylva alikiona kabla kipande hakijafika mdomoni kwa mtoto. Hakupiga kelele. Alisimama, akawavisha watoto makoti, akaondoka nao huku samaki wakiwa bado moto mezani. Toka siku hiyo, miezi saba na kitu, Bibi Gunvor hakuachwa na wajukuu wake hata dakika tano. Akienda kuwaona, Ylva yupo. Akiwapeleka bembeani, Ylva yupo nyuma yake. Mwanamke mzima, mwenye cheti cha usafi wa jiko kilichotundikwa ukutani, alichungwa kama mtoto mwenye kiberiti.

Ndiyo maana zile dakika arobaini hazikuwa dakika za kawaida. Zilikuwa mtihani, na kila mtu alilijua hilo ingawa hakuna aliyelisema. Akifaulu, atakuwa bibi tena. Akishindwa, basi tena.

"Haya, wapenzi wangu," alisema, akipiga makofi. "Tunaanza na nini?"

"Gurudumu!" Vilgot alisema papo hapo. "Gurudumu la chokoleti. Bibi, tafadhali. Mama hakatai, anasema tu baadaye, na baadaye haifiki."

Gunvor alimtupia jicho mjukuu wake. Vilgot alikuwa na miaka saba, mwembamba, mtulivu kupita kiasi. Siku nzima alikuwa amepita mbele ya vibanda vya kaukau, bisi na sharubati ya barafu bila kunung'unika, kwa sababu kwao chakula kilitoka nyumbani kwenye begi la baridi: pankeki, soseji, viazi, stroberi zilizooshwa mara mbili. Hakuna mtu aliyemnyima. Ila kila kitu katika maisha yake kilimpitia dada yake kwanza. Bibi alimwonea huruma, na hapo ndipo alipoanza kupotea.

"Namba moja tu," alisema. "Chagua."

"Kumi na tisa."

Gurudumu la bahati nasibu lilizunguka likigonga vijiti vyake, tak-tak-tak, likapunguza mwendo, likapita kumi na nane kwa uvivu, likasimama kwenye kumi na tisa. Vilgot hakuruka wala hakupiga kelele. Alishika mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka pima.

Muuzaji, mzee mwenye kofia ya majani, alimkabidhi bamba la chokoleti refu kama mkono wake. Gunvor alilipokonya hewani, akaligeuza, akasoma nyuma yake kwa miwani. Njugu nzimanzima, robo ya uzito.

"Una isiyo na njugu?"

"Ninayo ya maziwa."

Akasoma na hiyo. Huenda ina chembechembe za njugu. Mwanamke wa miaka thelathini na moja jikoni hakuhitaji kuambiwa maana yake.

"Basi hiihii ya kwanza," alisema. "Vilgot, hii ni yako, umeshinda wewe, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini haifunguliwi hapa. Tunaificha chini ya kigari, inakwenda nyumbani, unakula siku Ellika akiwa kwa rafiki yake. Sawa?"

"Sawa, Bibi."

"Si haki!" Ellika alisema kutoka kwenye kigari. "Ni Jumamosi! Vilgot amepata na mimi sijapata!"

Hapo palikuwa na ukweli. Jumamosi ndiyo siku ya peremende, watoto wote wa nchi ile wanalijua hilo kabla hawajajua jina la mfalme wao. Na katika nyumba ya Torkel na Ylva haki ilipimwa kwa rula. Soseji ikiwa moja, mmoja anakata na mwenzake anachagua kwanza. Juisi ilimiminwa kwenye glasi mbili zilizosimamishwa pamoja, na watoto wakainama kuangalia kama zimelingana. Vilgot alilelewa hivyo tangu siku dada yake alipoletwa nyumbani.

"Na wewe zako zipo," Bibi alimwambia. "Mama amekufungia kwenye kopo lako la rangi ya waridi. Tukae, mle, na mimi nipate kahawa yangu kabla kichwa hakijapasuka."

Walikaa kwenye meza ya mbao karibu na uzio, mahali ambapo Gunvor aliweza kuiona foleni ya Nyoka wa Mbao na hata koti la kijani la Ylva likisogea hatua kwa hatua. Alimshusha Ellika, akampa kopo lake la peremende za jeli. Akamnawisha. Akafungua chupa ya chai ambayo daima huwekwa kahawa, akajimiminia. Hapo akainua kikombe na kugeuza uso kuangalia kwenye foleni, na yule mkwe, ambaye alikuwa akiangalia upande wao kama mlinzi wa benki, akainua mkono. Gunvor naye akainua wake na kutabasamu. Akaonyesha mkoba kiunoni kwa kidole. Unaona? Upo.

Mchezo huo wa kupungiana ulichukua muda gani? Dakika mbili. Labda tatu. Saa kubwa ya mnara wa bustani ilisema saa nane na dakika kumi na nne alipogeuka.

Watoto hawakuwa mezani. Walikuwa wamechuchumaa nyuma ya kigari, vichwa vimekutana, na kati yao bamba la chokoleti likiwa wazi. Vilgot alikuwa amelivunja katikati barabara. Pembeni, juu ya jani, zilipangwa njugu, moja moja, kama shanga. Kucha zake zilikuwa za kahawia.

"Nimezitoa zote, Bibi," alisema haraka alipoona uso wake. "Zote! Nimemtolea kwenye kipande chake, hakuna hata moja. Changu mimi ndicho chenye njugu. Tumegawana."

Ellika alikuwa anatafuna.

Gunvor alimrukia. Alitia kidole mdomoni mwa mtoto, akakikwangua kilichokuwamo, akakitupa, akamsukutua kwa maji, akamwambia tema, tema tena, tema mpenzi. Ellika alitema kwa bidii huku akiona kama mchezo.

"Umemeza?"

"Kidogo."

"Kidogo gani? Nionyeshe."

Mtoto akaonyesha kwa vidole viwili. Havikugusana, lakini karibu.

Gunvor akamweka kwenye mapaja yake, akamtazama. Hakuna kitu. Mashavu mekundu ya kiangazi, pua yenye kamasi kidogo, macho ya samawati yakimwangalia kwa mshangao. Pengine amebahatika. Pengine alichomeza kilikuwa safi, maana kijana alikuwa amefanya kazi nzuri, masikini, kuliko wasaidizi wengi aliowahi kuwafundisha. Aliingiza mkono mkobani na kushika kalamu moja, akabaki ameishikilia humohumo.

Saa nane na dakika kumi na saba doa la kwanza likatokea juu ya mdomo.

Ni stroberi, alijiambia. Amekula stroberi asubuhi hii. Stroberi humtoa madoa mtoto yeyote.

Akatazama juu. Koti la kijani lilikuwa karibu kabisa na lango la treni.

Na hapa, msomaji, usimhukumu haraka, au mhukumu ukipenda, mwenyewe alijihukumu. Alijua la kufanya. Mikono yake ilijua. Lakini aliona pia yatakayofuata, yote kwa mpigo. Ukidunga, lazima uite ambulensi. Ambulensi ikija, Ylva atajua. Akijua, atasimama kama alivyosimama Krismasi, bila kelele, awavishe watoto makoti, na safari hii hatarudi. Kwa ajili ya doa moja ambalo huenda ni stroberi.

Doa la pili. La tatu, shingoni.

"Bibi, ulimi unawasha."

"Kunywa maji, mpenzi."

Ngoja kidogo. Dakika moja tu. Yakipungua, hakuna haja mtu kujua.

Vilgot alikuwa amesimama mbele yao, hajasogea. "Bibi," alisema, sauti imekuwa nyembamba. "Mama huwa hangoji."

"Nyamaza kidogo, Vilgot. Nafikiri."

Ellika akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mtu aliyepaliwa. Akakohoa tena, akajaribu kuvuta pumzi, na Gunvor akausikia ule mluzi kifuani mwake. Mtoto akashika koo, akamwangalia bibi yake moja kwa moja, na kwenye macho yale hapakuwa na lawama yoyote. Alikuwa anangoja asaidiwe.

Mawazo yote yalimtoka Gunvor kichwani. Akaitoa kalamu, akang'oa kifuniko kwa meno, akambana mtoto miguu katikati ya miguu yake, na akakandamiza pajani juu ya suruali mpaka akasikia mlio. Ellika alilia. Moja, mbili, tatu. Alihesabu kwa sauti, na Vilgot akahesabu naye, machozi yanamtiririka, mpaka kumi.

Saa ilisema nane na dakika ishirini na moja.

"Wewe!" Gunvor alimpigia kelele mwanamume mwenye ndevu aliyekuwa meza ya jirani na watoto wake. "Piga mia moja kumi na mbili! Mtoto wa miaka minne, njugu, pumzi inabana, ameshadungwa! Waambie meza za karibu na treni la mbao!"

Yule bwana hakuuliza swali hata moja. Mkewe alivua koti lake akalitandika, wakataka kumlaza mtoto, Gunvor akakataa, akamkalisha wima maana ndivyo pumzi inavyopita vizuri. Alimpigia Torkel. Simu iliita, ikaita. Bila shaka imo ndani ya kabati la kuwekea mizigo, kama wanavyoagizwa wapandao. Kalamu ya pili alikuwa ameishika mkono wa kushoto, jicho kwenye saa, jicho kwa mtoto. Watu wakaanza kujazana.

"Rudini nyuma!" aliwafokea. "Hapa si sinema!"

Juu ya vichwa vyao, mabehewa ya Nyoka wa Mbao yalianza kupanda, gak, gak, gak. Mstari wa mbele, koti la kijani.

Gunvor alijua sekunde hasa Ylva alipoona. Kutoka kule juu bustani yote huonekana: meza, kigari chekundu, duara la watu, na katikati ya duara kichwa cheupe cha mama mkwe. Mtu aliyefungwa kwa chuma kifuani hawezi kushuka. Treni likafika kileleni, likatulia, na katika utulivu ule sauti moja ikatoka ambayo haikuwa ya mchezo. "Ellika!" Kisha mabehewa yakaporomoka yote pamoja, na mayowe ya wengine yakaifunika.

"Anapumua," Gunvor alisema, ingawa hakuna aliyeweza kumsikia kule. "Anapumua, Ylva, anapumua."

Na kweli, mluzi ulikuwa unapungua. Mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima, lakini midomo yake ilikuwa imeanza kurudiwa na rangi.

Vilgot alikuwa amejikunja chini ya meza. "Nilizitoa zote," alikuwa anasema. "Nilizitoa zote."

"Njoo hapa." Gunvor alimvuta kwa mkono wake mmoja uliobaki. "Sikiliza. Wewe hukukosea. Ulitaka haki. Mimi ndiye niliyeileta ile chokoleti karibu na dada yako, na mimi ndiye niliyegeuza macho. Ni langu hilo, si lako. Nimeeleweka?"

Kijana aliitikia kwa kichwa bila kuamini.

Ylva alifika akikimbia, kiatu kimoja mguuni, Torkel nyuma yake. Hakumwangalia Gunvor kabisa. Alipiga magoti, akaweka sikio kifuani kwa mtoto, akasikiliza, akamkumbatia. Torkel alimnyanyua Vilgot, kisha akasikia ambulensi inaingia kwa lango la nyuma, akasema ataleta gari awafuate, akatimka na kijana mabegani.

Mhudumu wa ambulensi alikuwa mwanamke mtulivu, mikono yake haikuwa na papara. Alimvalisha Ellika kinyago cha hewa, akambana kidole kwa kipimo, akasema namba zinaridhisha, kisha akatoa karatasi.

"Nani alikuwa na mtoto?"

"Mimi," Gunvor alisema.

"Dalili ya kwanza uliiona saa ngapi?"

Angeweza kudanganya. Hakuna aliyekuwa akiangalia saa ya mnara isipokuwa yeye, na Vilgot bado hajui kusoma saa ya mishale. Angesema saa nane na dakika ishirini, na yote yangelingana vizuri, na yeye angetoka pale akiwa bibi aliyeokoa mjukuu. Ylva alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Saa nane na dakika kumi na saba."

"Na sindano?"

"Na dakika ishirini na moja."

Mhudumu aliandika tu. Ylva ndiye aliyepiga hesabu, na Gunvor alimwona akiipiga.

"Dakika nne," Ylva alisema. "Mkoba ulikuwa tumboni kwako. Dakika nne zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakuogopa wewe."

Haikuwa lawama, na Ylva hakuisikia kama lawama, ingawa rangi ilimtoka.

"Niliona nikimdunga utajua," Gunvor aliendelea, maana akishaanza hakuona faida ya kuacha katikati. "Na ukijua, hutaniachia tena. Basi nikasema ni stroberi. Mtoto ananiambia ulimi unawasha, na mimi nakufikiria wewe na makoti yenu. Vilgot aliniambia nisingoje, na nikamnyamazisha. Ndivyo ilivyokuwa. Sina cha kujitetea."

Machela ilikuwa tayari imepandishwa. "Mmoja tu aingie," mhudumu alisema. "Tunakwenda, atakaa chini ya uangalizi mpaka kesho."

Ylva aliweka mguu wenye soksi kwenye kidato cha gari. Hapo akasimama. Gunvor alitazama mgongo wake na kungoja hukumu, na alikuwa ameshaikubali kabla haijatamkwa.

"Mwaka juzi," Ylva alisema bila kugeuka, kwa sauti ya chini sana. "Ile biskuti Ellika aliyopewa na jirani. Niliwaambia kalamu ilikuwa imesahaulika kwenye gari."

"Ndiyo. Na watu wa ambulensi ndio waliomdunga."

"Haikuwa kwenye gari. Ilikuwa mkononi mwangu." Mabega yalimpanda na kumshuka. "Dakika kumi na moja, Gunvor. Nilimwambia Ellika ni joto. Nilikuwa nampepea kwa gazeti. Torkel hajui."

Akaingia, mlango ukafungwa, gari likaondoka polepole katikati ya watu waliokuwa wakipisha.

Gunvor alibaki amesimama, kalamu ya pili bado mkononi. Hakusikia gari la Torkel likisimama ubavuni mwake mpaka mwanawe alipoteremsha kioo.

"Mama, ingia. Amesema nini? Amekasirika sana?"

"Amesema uendeshe taratibu," Gunvor alijibu, akafungua mlango wa nyuma, akakaa karibu na Vilgot.